Mtani Hakatai Msiba

Dalali anayeijua kazi yake haji kuandika ukuta wa mtu mchana wa jua kali watu wakiwa ndani. Anakuja asubuhi, mtaa mzima wa Gongoni uko nje, ili aonekane. Mwamvita aliporudi kutoka sokoni kuchukua mizani aliyoisahau, alimkuta fundi rangi juu ya stuli ameshamaliza NYUMBA HII kwa rangi nyekundu, anaanza INAUZWA, na majirani wamesimama na ndoo zao za maji, hakuna anayekumbuka alikuwa anakwenda wapi.

Hakupiga kelele. Mwanamke anayeuza mchele soko kuu ameshatazamwa na watu wengi, hashtuki. Alianza kwa kuanua kanga zake mbili zilizokuwa kwenye kamba ya barazani, maana rangi ilikuwa inaruka.

“Hizi hazimo kwenye mnada,” alimwambia fundi. Kisha akarudi nyuma akautazama ukuta. “Na huo mstari wako unapanda mlima. Kama unaniaibisha, niaibishe kwa mwandiko mzuri basi.”

Fundi akacheka, halafu akakumbuka alichokuja kufanya, akarudisha brashi ukutani. Bundala, dalali mwenyewe, mtu mnene mwenye sauti ya upole ambayo huwezi kudhani ni ya kunadi mali za watu, akatoka kwenye gari.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Ndiyo wewe mwenye rangi?”

“Ndiyo mimi. Benki wamenipa kazi, mama, mimi natumwa tu. Mnada ni Jumamosi ya wiki ijayo, saa nne, hapa hapa mlangoni.”

“Aliyetumwa naye ana kiu. Tunu, mletee huyu baba maji.”

Tunu, binti yake wa kidato cha tatu, alileta maji macho yakiwa chini. Mmoja wa wale wenye ndoo alikuwa mama wa mwenzake wa darasani, na kabla ya saa ya mapumziko shule nzima ingekuwa inajua.

Ndipo akafika Uwesu, mume wa Mwamvita, kwenye pikipiki yake, madumu mawili ya asali ya Ipole yamefungwa nyuma. Alizima pikipiki. Akasoma ukuta neno kwa neno. Kisha akacheka, akacheka mpaka akaushika usukani kwa mikono miwili.

“Huyu Damas leo amepitiliza,” alisema. “Mgogo gani huyu anatoa hela yake kununua rangi kwa ajili ya utani?” Akatoa simu akapiga picha.

Hapa tusimame kidogo, maana asiyejua utani atamwona Uwesu mjinga, naye si mjinga. Damas ni Mgogo wa Mpwapwa, afisa mikopo wa benki. Uwesu ni Mnyamwezi wa Tabora. Makabila hayo ni watani tangu enzi za misafara, Wanyamwezi wakipita Ugogo na mizigo mabegani kwenda pwani, na Wagogo wakiwatoza hongo ndipo wapite na kunywa maji. Mtani unamtukana mbele ya mkwewe, na akikasirika, aliyekosa ni yeye. Basi Damas akipita barazani na kusema, “Mnyamwezi, lipa deni, la sivyo nauza hiki kibanda ukalale na nyuki wako,” Uwesu anajibu, “Uza, mtoza hongo, lakini uje na mama yako anipikie.” Hata ilani ya benki Damas aliileta kwa mkono wake. Uwesu akamwambia aiweke hapo, itafaa kuwashia moto wa kufukuzia nyuki. Damas akacheka. Mwamvita naye akacheka, alikuwa anachambua mchele pale pale. Kwa hiyo tusimcheke mmoja, nyumba nzima ilikuwa inakwenda mnadani huku inacheka.

“Mzee,” Bundala alisema taratibu, “mimi hapa sina mtani. Nimekuja kazini.”

Tabasamu lilibaki usoni mwa Uwesu kwa muda, halina kazi tena. Kisha akaanza kuyafungua madumu ya asali.

*

Mume na mke waliingia benki pamoja, saa ile ile milango inafunguliwa. Damas alipowaona akasimama kwenye meza yake, tai imenyooka.

“Shikamoo, mzee. Karibuni mkae.”

Uwesu alikuwa amejiandaa kwa tusi. Njia nzima alikuwa anatafuta la kujibu. Ile shikamoo ilimuuma kuliko rangi ya ukutani, kwa sababu mtani haamkii, na anayekuamkia ameshakutoa kwenye hesabu ya watu wake.

Meneja, Mama Theodora, aliwapokea ofisini kwake. Hakuwa na ubaya wala hakuwa na muda. Marejesho yaliyolala, pamoja na riba na gharama za dalali, ni shilingi milioni nne na laki mbili. Msimu wa asali kuwa mbaya ni jambo la kusikitisha, lakini benki hairini asali.

“Swali langu ni moja,” alisema, kalamu mkononi. “Bwana Damas aliwaonya, au hakuwaonya?”

Damas aliyekuwa amesimama mlangoni hakupepesa macho. Uwesu alifungua mdomo kueleza habari ya utani. Mwamvita akamkanyaga mguu chini ya meza.

“Alituonya,” alisema. “Tena mara nyingi, tena kwetu, barazani. Kosa ni la masikio yetu. Sasa na mimi nina swali, mama. Nikizileta hizo hela kabla nyundo haijagongwa?”

“Zote?”

“Zote.”

“Mnada unafutwa, mnaendelea na mkopo wenu kama kawaida.”

“Haya,” Mwamvita alisema, akajifunga mtandio vizuri. “Basi hiyo nyundo isigongwe mapema.”

Nje, Uwesu alimuuliza atazitoa wapi. Mwamvita akamwambia kwanza anywe chai, maana mtu mwenye njaa huwa anasikia habari mbaya tu.

*

Jioni alikuja Rashidi, mdogo wake Uwesu, fundi cherehani wa pale Isevya. Alivua viatu, akakaa, akashusha sauti.

“Shemeji, dawa ni moja. Nenda mahakamani ukaseme ile saini siyo yako. Mke akisema hakuridhia nyumba kuwekwa rehani, hakimu anaweka zuio, kesi inakaa miaka. Watu wanafanya.”

Watu wanafanya kweli, na Mwamvita alikuwa anawajua wawili.

“Saini ni yangu,” alisema. “Siku ile nilivaa baibui jipya.”

“Nani anajua?”

“Wewe unajua. Mkopo ule tuliuchukua ili tukulipe wewe na dada zako mafungu yenu katika nyumba hii ya marehemu baba yenu, ibaki moja isigawanywe. Nikisema sikusaini, basi fedha hazikutoka. Haya, zile cherehani tatu ulizonunua kwa fungu lako ziko wapi, nizirudishe benki?”

Rashidi akakumbuka kwamba ana mgonjwa wa kumwona. Alivaa viatu akiwa tayari anatembea.

Walipobaki wawili, Mwamvita alisema lile alilokuwa amelipanga tangu benki. Nyumba ina vyumba sita. Vyuo vinafungua wiki hii, wazazi wanatafuta vyumba mji mzima. Kodi elfu hamsini kwa mwezi, mwaka mzima mapema. Hiyo ni milioni tatu na laki sita. Pikipiki itajaza palipobaki.

“Na sisi tulale wapi?” aliuliza Uwesu.

“Stoo ya asali, huku uani.”

“Mwenye nyumba alale stoo na madumu, mpangaji alale chumba cha baba yangu?”

“Bora stoo ya nyumba yangu kuliko kitanda cha kuazima kwa Rashidi.”

Uwesu aliisogeza taa pembeni. Kisha akasema wazi, kwa sababu kwa mkewe hakuwa na haja ya kuficha, “Mama Tunu, naona aibu. Naona aibu mpaka kwenda msikitini.”

“Najua. Mimi pia leo sokoni nimepima kilo pungufu mara mbili, mawazo yangu yako ukutani. Lakini aibu haijamlipia mtu deni. Kesho peleka pikipiki ikauzwe.”

*

Hesabu ilikuwa nzuri, ila ukuta ulikuwa unasomeka. Mzazi wa kwanza alifika mpaka mlangoni, akasoma, akajifanya amepotea njia. Wa pili aliuliza kama kuna bei ya wiki moja, kwa kuwa ndizo siku zilizobaki. Alisema hivyo kwa heshima kabisa, na ndiyo maana iliuma.

Alhamisi alikuja Paskazia wa Puge, mkulima wa mpunga anayemletea Mwamvita mchele miaka yote. Magunia yalishushwa, wakasalimiana.

“Mwangaluka, Mama Tunu.”

“Mwangaluka, Mama Levina. Mwanao amepata chuo?”

“Uuguzi. Natafuta chumba mpaka miguu inauma. Na huko stendi wameniambia nyumba yako imeandikwa.”

“Imeandikwa, hawajakudanganya. Na mimi nataka nikupangishe.”

Paskazia alicheka akakaa juu ya gunia. Mwamvita akamweleza yote, hata ile ilani iliyowekwa kwa ajili ya moto wa nyuki. Hakupunguza neno.

“Dada,” Paskazia alisema alipomaliza kusikia, “mimi ni mtu wa jembe lakini sijalala. Nikupe hela yangu ya mpunga, halafu Jumamosi ile mwanangu atolewe nje na godoro lake?”

“Usinipe mimi. Itume kwa simu moja kwa moja kwenye mkopo wangu benki. Ujumbe unabaki kwenye simu yako.”

“Na benki wakishapokea, wakauza vilevile?”

“Meneja ameniambia mnada unafutwa,” Mwamvita alisema, akijua neno la mdaiwa halina uzito.

“Aje mtu wa benki aniambie usoni,” Paskazia alisema. “Jumapili tunaleta watoto, tuko wengi, wa Nzega, mpaka wa Choma kule Igunga. Jioni tunapanda basi kurudi. Akija akasema, mimi natoa, na wenzangu nawaambia. Asipokuja, tusilaumiane.”

Jumapili benki imefungwa, na hakuna sheria inayomtoa afisa kwake siku hiyo kwenda kukaa kwenye baraza la mdaiwa. Mwamvita alimwambia mumewe habari hiyo akiwa anamnawisha mikono ya chakula.

“Mtani ni wako,” alimwambia. “Hapo mimi siwezi kukusaidia.”

*

Uwesu alikwenda kwa miguu, maana pikipiki ilikwisha kuuzwa kwa laki sita taslimu. Damas alikuwa amepanga chumba Cheyo. Alimkuta nje anapiga pasi shati juu ya meza.

“Shikamoo, mzee.”

“Sikuja kuamkiwa,” Uwesu alisema. “Nimekuja kukupa taarifa. Nimefiwa.”

Damas aliweka pasi pembeni. “Pole sana. Na nani?”

“Na nyumba. Haijakata roho, lakini sanda imeshapimwa, nyekundu. Mazishi Jumamosi saa nne. Na mtani hakatai msiba.”

Damas alikaa kwenye ukingo wa meza. Alipozungumza, alikuwa kijana tu wa Mpwapwa aliye mbali na kwao.

“Mzee, mimi ndiye niliyeua. Ningekuja nimenuna siku moja tu, ungeelewa. Nilikuwa nakuja na neno zito, ukinitania na mimi nafurahi, naondoka nimeshiba kicheko. Hapa mjini sina baraza lingine. Siku ile ofisini mkeo angesema sikuwaonya, leo ningekuwa kwetu nalima karanga. Ndiyo maana nakuamkia. Naogopa.”

“Kosa si lako peke yako. Wewe ulisema kweli kwa utani, mimi nikachukua utani nikaacha kweli. Sasa njoo Jumapili. Kuna wazazi wa Puge na Choma wanataka kusikia mdomo wa benki.”

“Nitasema sheria tu. Siwezi kuongeza.”

“Nani amekuomba uongeze?”

Damas akaichukua pasi. “Nitakuja,” alisema. Halafu, Uwesu akiwa ameshafika njiani, akamwita. “Lakini pilau ikiwa baridi naondoka na sinia lako, Mnyamwezi mchoyo.”

Uwesu hakugeuka. Alirudi Gongoni kwa miguu na njia ilikuwa fupi.

*

Jumapili baraza lilijaa. Wazazi walikaa kwenye mikeka, mabegi ya watoto yamepangwa ukutani chini ya maandishi mekundu, na Paskazia katikati yao. Damas akatokea, hakusalimu mtu. Alikwenda moja kwa moja mpaka mlangoni, akalala chali kwenye kizingiti kama watani wanavyolala mbele ya jeneza.

“Maiti haitoki,” alisema, macho yamefumbwa. “Wanyamwezi walipita kwetu na mizigo yao, hongo ya mwisho hawakumaliza. Nipewe haki yangu kwanza.”

Wanawake wa Puge walielewa kabla ya wote. Mmoja akamrushia kitambaa usoni, mwingine akamwita maiti anayenuka jasho. Tunu, ambaye wiki nzima hakuwa amecheka, alicheka kwa sauti mpaka akaziba mdomo. Uwesu akaingia stoo, akatoka na dumu la asali bora, ile nyeupe aliyokuwa ameiweka kwa ajili ya Idi, akaliweka kifuani mwa Damas.

Damas akafungua jicho, akaonja kwa kidole, akaamka. Alijikung'uta suruali, akavua kofia.

“Utani umeisha,” alisema, na sauti ikawa nyingine. “Sasa nasema kazi, na mwenye nyumba ameniruhusu. Deni ni milioni nne na laki mbili. Ikitimia kabla ya Jumamosi saa nne, mnada unafutwa. Ikipungua hata elfu moja, mnada upo. Na huyu akilala tena na marejesho yake, mimi huyu huyu nitarudi na rangi. Hayo ndiyo ninayoyajua.”

Watu walitazamana. Paskazia ndiye aliyetoa simu kwanza.

“Huyu ametutisha,” alisema. “Angetubembeleza ningeondoka. Nisomee hiyo namba ya mkopo.”

Vyumba vitano vilikwenda pale pale. Baba mmoja wa Choma alikuwa achukue cha sita, akaingiwa na wasiwasi, akampeleka mwanawe kwa ndugu. Hakuna aliyemlaumu. Laki sita za pikipiki zilikwenda benki Jumatatu, na bado zikakosekana laki sita nyingine.

Jumatano Rashidi alikuja tena. Safari hii hakuvua viatu, alisimama barazani.

“Kile chumba cha mbele kinachotazama barabara,” alisema. “Kingefaa cherehani.”

“Kinafaa,” Mwamvita alisema. “Elfu hamsini kwa mwezi, mwaka mzima.”

“Hata mimi, shemeji? Na undugu?”

“Undugu ni chai, na iko jikoni. Kodi ni kodi.”

Rashidi alitazama maandishi ukutani, kisha akatoa simu yake. Alipomaliza kutuma aliuliza kama chai ina tangawizi.

*

Jumamosi watu walikuja, kwa sababu mnada hata uliofutwa ni mnada. Bundala alisimama mlangoni akatangaza kwamba deni limelipwa na nyumba haiuzwi tena. Mfanyabiashara mmoja aliyekuja na mkewe alinuna. Tangu katikati ya wiki walikuwa wanapita hapo na futi, mke anapima madirisha kwa ajili ya mapazia bila hata kubisha hodi.

“Mama,” Mwamvita alimwambia yule mwanamke, akimpa kikombe cha maji, “dirisha la upande wa kisima mlilipima pungufu. Lakini sasa msihangaike.”

Kisha Bundala akamwambia kwamba fundi atakuja kufuta ukuta. Mwamvita akajibu kwamba fundi yuko hapo tayari, anakoroga chokaa, na chai ameshakunywa.

Mchana walihama. Umbali wa kutoka chumbani mpaka stoo ni wa kukatiza ua tu, lakini Uwesu alipokuwa anabeba kitanda mbele ya Levina na wenzake, na wale mabinti wakampisha wakisema “shikamoo, baba mwenye nyumba,” machozi yalimtoka. Aliinama zaidi ili yasionekane. Mwamvita aliyaona, akamwacha, akashika upande wa pili wa kitanda.

*

Stoo inanuka nta, na ukilala muda mrefu nguo zote zinanuka nta. Tunu anasomea juu ya madumu na anasema ni pazuri, hakuna kelele. Miezi mitatu imepita. Mwamvita anauza mchele, Uwesu anakwenda Ipole kwa basi, mizinga mwaka huu imejaa.

Ilikuwa jioni, wanakula, simu ya Uwesu ikaita. Damas hakusalimu.

“Mnyamwezi, lipa deni, la sivyo safari hii nauza stoo na wewe ndani yake.”

Uwesu hakucheka. Alishusha simu akaifunika kwa kiganja, akamgeukia mkewe.

“Ya mwezi huu tumepeleka?”

“Tangu juzi,” Mwamvita alisema, akaendelea kumega muhogo.

Uwesu akairudisha simu sikioni.

“Mbona kimya?” Damas aliuliza. “Umekufa?”

“Nilikuwa nauliza kwanza,” alisema Uwesu. Ndipo akacheka.